Kufungua Furushi

Mwaka 2005 nilipewa kazi ya kufasiri maelekezo ya programu ndogo ya kompyuta. Zilikuwa kurasa kumi na moja tu, na aliyenipa kazi alitaka imalizike ndani ya wiki moja. Ilinichukua wiki tatu, na kilichonikwamisha ni neno moja.

Programu ile ilikuwa ya kusomea barua pepe za makundi, yale makundi ambayo watu mia wanaandikiana kuhusu jambo moja, na badala ya kila barua kukujia peke yake, mtambo unazikusanya za siku nzima na kukuletea kwa mkupuo. Kiingereza kina neno lake kwa mkusanyo huo. Kamusi iliyokuwa mezani kwangu ilinipa jibu la haraka: muhtasari. Nikaliandika. Ukurasa wa pili nikaliandika tena. Nilipofika ukurasa wa nne nikajikuta nimeandika hivi: “Bofya hapa ili kufungua muhtasari na kuona barua zote zilizomo.” Kalamu ikasimama.

Muhtasari haufunguliwi. Ndani ya muhtasari hamna barua. Aliyeuandika amekwisha kuzisoma kwa niaba yako, amekwisha kuamua lipi zito na lipi jepesi, na alichokupa ni maneno yake yeye. Nililifuta neno lile kila nilipokuwa nimeliandika, nikakaa siku kadhaa bila la kuweka mahali pake, hadi nilipomkumbuka tarishi wa shule.

Nilisoma bweni, mkoani Tanga, na barua zetu zilifika mara mbili kwa wiki. Tarishi alikwenda posta kwa baiskeli, akarudi na barua zote za shule zimefungwa pamoja kwa uzi wa katani. Jioni, tukiwa mstarini, alikata uzi kwa wembe, akainua bahasha ya juu, akasoma jina. Aliyeitwa alitoka mbio. Akainua ya pili. Wapo waliotambua mwandiko wa mama zao kabla jina halijasomwa, wakaanza kutoka kwenye mstari, na mwalimu wa zamu akawaachia. Barua zilifungwa pamoja kwa sababu baiskeli ilikuwa moja na safari ilikuwa moja. Zilipofika, uzi ulikuwa umemaliza kazi yake. Na kile alichokuwa amekishika tarishi mkononi kina jina ambalo kila mtoto analijua: furushi. Nikarudi mezani nikaandika, “Bofya hapa ili kufungua furushi na kuona barua zote zilizomo.” Kazi ikaisha siku tatu baadaye.

Programu yenyewe nilibaki nayo, nikaitumia kwa miaka sita. Mtengenezaji wake aliigawa bure, na ilikuwa ndogo kiasi cha kuingia kwenye flopi moja na nafasi ikabaki. Ukiifungua, kioo kiligawanyika sehemu tatu. Kushoto mafurushi yamepangwa kwa tarehe. Juu, upande wa kulia, orodha ya barua za furushi ulilochagua, kila moja na jina la mwandishi, mada na saa. Chini, barua uliyoiteua, peke yake, kana kwamba haikuwahi kusafiri na nyingine. Ukitaka kumjibu aliyeiandika, jibu lilikwenda kwa jina lake na kwa mada yake, si kwa furushi zima. Mambo hayo ni madogo, ila aliyewahi kusoma furushi bila chombo cha kulifungua anajua adha yake: maandishi marefu yasiyo na mwisho, unatafuta kwa macho alipoishia huyu na alipoanzia yule, na ukikosea unamjibu mtu kwa neno ambalo hakulisema.

Tena haikudai mtandao hata kidogo. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Wakati ule intaneti ilikuwa kilomita nne kutoka nyumbani, kwenye kafe karibu na stendi ya mabasi, na ulilipia kwa nusu saa. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikapakua mafurushi ya wiki, nikayanakili kwenye flopi, nikatoka kabla dakika hazijaisha. Furushi la kawaida lilikuwa na uzito wa kilobaiti thelathini hivi, kwa hiyo flopi moja ya megabaiti 1.44 ilibeba zaidi ya arobaini. Nilisoma jioni, kwa wiki nzima, kwenye kompyuta ambayo haikuunganishwa na chochote isipokuwa umeme, na umeme wenyewe ukipatikana. Nyaya za baharini za SEACOM zilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, karibu mawasiliano yetu yote ya intaneti na dunia yalipitia setilaiti, na kila mmoja wetu aliyelipa nusu saa kafeni alikuwa akilipia sehemu ya bei hiyo ya setilaiti.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani furushi lilibuniwa kwa ajili ya wavivu wa kusoma. Lilibuniwa kwa ajili ya njia nyembamba. Na walionufaika nalo hawakuwa wa kafeni tu. Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani, alikuwa mmoja wa waasisi wa jumuiya ya madaktari wanaopinga vita vya nyuklia, ile iliyopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985. Baadaye alianzisha shirika la SatelLife, lililotumia setilaiti ndogo zilizotengenezwa Surrey, Uingereza, kupeleka habari za utabibu mahali ambapo majarida hayafiki na simu hukatika. Setilaiti yao ya HealthSat-2 ilirushwa Septemba 1993. Hazikuwa setilaiti za kutulia juu ya bara moja. Zilizunguka dunia zikipita karibu na ncha zake, na juu ya mji mmoja zilipita mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika chache. Ndani ya dakika hizo kituo cha chini kilipakia barua zake angani na kupokea zilizokuja. Kisha setilaiti ikazama upeo wa macho ikaendelea na safari. Madaktari wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini walisoma kwa njia hiyo. Ukipewa dakika chache hulazimiki kuchagua barua ya nani iende na ya nani ibaki. Unazifunga pamoja, unazirusha, na mwenzako anakuja kuzifungua kwa wakati wake.

Namna ya kufunga ina kanuni, na kanuni hizo zimeandikwa. Januari 1985 Marshall Rose na Einar Stefferud walipendekeza jinsi barua moja inavyoweza kubeba nyingine ndani yake bila kuchanganyikana. Aprili 1990 Frank Wancho akaandika umbo la furushi ambalo mpaka leo makundi mengi yanalifuata. Linaanza na dibaji: jina la kundi, namba ya furushi, orodha ya mada. Chini ya dibaji unapigwa mstari wa vistari sabini. Kisha barua ya kwanza, na vichwa vyake kwa utaratibu maalumu: tarehe, mwandishi, mpokeaji, mada. Ikiisha, panaachwa mstari mtupu, unawekwa mstari wa vistari thelathini, panaachwa mstari mtupu mwingine, barua ya pili inaingia. Mwishoni kabisa panaandikwa kwamba furushi limeisha, na chini ya maneno hayo safu ya nyota inayolingana nayo kwa urefu, ili msomaji ajue kwamba hakuna kilichodondoka njiani.

Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilisisimka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuiona mahali pengine. Watunzi wengi wa tenzi katika pwani yetu walifunga kazi zao kwa kutaja jina lao na idadi ya beti. Walijua kwamba utenzi utanakiliwa kwa mkono, na mnakili huchoka, huruka, hupoteza karatasi. Idadi ya beti ilikuwa mlinzi. Ukihesabu ukapata pungufu, unajua pameibiwa kitu. Mtunzi wa pwani wa karne ya kumi na tisa na mhandisi wa mwaka 1990 walikuwa na hofu moja, na kila mmoja aliweka alama yake mwishoni mwa maandishi. Katika miaka yangu yote ya kufasiri habari za kompyuta hakuna jambo lililonipa furaha kama hilo.

Tena hofu hiyo nikaja kuijua kwa mtu aliye hai.

Katika kundi letu la watu wa lugha alikuwamo mzee mmoja, mzaliwa wa Pemba aliyehamia Muscat tangu ujana. Aliandika mara chache, na kila alipoandika aliweka shairi. Siku moja nilifungua furushi jipya, nikasoma shairi lake la beti tano, nikashangaa kwamba limekatika ghafla, maana mzee yule hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani. Barua iliyofuata haikuwa na jina la mwandishi, haina mada, haina tarehe. Ilikuwa na beti saba, nzuri mno. Niliandikia kundi nikauliza ni nani mwenye beti hizi asiyetaka kutajwa, nikampongeza.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kutoka Muscat. Alianza kwa kuitikia shikamoo yangu, kisha akaandika: “Mwanangu, hizo beti ni zangu. Tazama kibwagizo.”

Nikatazama. Mstari wa mwisho wa kila ubeti ulikuwa uleule, katika zile tano na katika zile saba. Nilikuwa nimelisoma shairi moja kama mawili, na alama ya umoja wake ilikuwa mbele ya macho yangu mara kumi na mbili. Si hivyo tu. Katika ubeti wa kaditama alikuwa amejitaja, kama walivyofanya waliomtangulia, ila alijitaja kwa lakabu yake ya utunzi, na mimi lakabu ile sikuijua.

Nikataka kujua ni nini kilichokata. Nilifungua furushi lenyewe, ghafi, nje ya programu, nikaona. Mzee alikuwa na desturi ya kutenganisha beti kwa mstari wa vistari. Alikuwa ameubonyeza ule ufunguo wa kistari kwa kukadiria kwa jicho, mara kumi na moja, kila mara mpaka mstari umridhishe. Niliweka ncha ya penseli juu ya kioo nikahesabu. Ishirini na nane. Thelathini na mbili. Ishirini na sita. Kati ya ubeti wa tano na wa sita: thelathini kamili, na mstari mtupu juu na mwingine chini. Programu yangu ilifanya kile ilichoagizwa. Iliona alama ya mpaka, ikaamini kwamba barua imeisha, ikamgawa mtu mmoja akawa wawili, mmoja mwenye jina na mwingine asiye nalo.

Nilimweleza. Nilitarajia acheke au akasirike. Aliniandikia barua ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu ya karatasi. Alisema kwamba babu yake alikuwa mnakili, na alimfundisha kwamba jina la mtunzi lisiwekwe juu ya jalada peke yake, kwa sababu jalada ndilo linalochakaa kwanza. Jina litiwe ndani ya beti, lifungwe kwa vina, mahali ambapo mtu hawezi kuling’oa bila shairi zima kulia. Tangu siku hiyo aliendelea kutumia vistari, lakini alivihesabu. Vilikuwa ishirini kila mara.

Mwaka 2011 kompyuta yangu ya zamani ilikufa, nikanunua nyingine. Programu ilikataa kufunguka. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya Windows za zamani za biti 16, na Windows mpya za biti 64 haziendeshi tena programu za aina hiyo. Nilitafuta toleo jipya, halikuwapo. Mtengenezaji alikuwa ameacha, na msimbo wake hakuwahi kuuachia mtu. Hapo ndipo nilipoielewa vizuri tofauti ambayo Kiswahili kimeiweka wazi tangu zamani, kati ya kitu cha bure na kitu kilicho huru. Mtu anaweza kukupa kitu bure na bado kikabaki chake. Siku akichoka, umeachwa. Wakati mmoja hilo nusura liwakute watumiaji wa Pegasus Mail, programu ya barua pepe aliyoanza kuigawa bure David Harris wa Dunedin, New Zealand, mwaka 1990, akijikimu kwa kuuza vitabu vya maelekezo yake. Januari 2007 alitangaza kwamba anasimamisha kazi. Wapenzi wa programu hiyo wakachanga, naye akaendelea, lakini kwa siku zile mali yao yote ya barua ilitegemea uamuzi wa mtu mmoja. Eudora, aliyoiandika Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988 na kuipa jina la mwandishi Eudora Welty, ilikaa chini ya kampuni ya Qualcomm hadi kampuni ilipoiacha mwaka 2006. Msimbo wake ulikuja kuwekwa hadharani na Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, California, mwaka 2018, wakati wengi wa watumiaji wake walikuwa wamekwisha kuhama.

Thunderbird imekwenda njia nyingine. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka tarehe 7 Desemba 2004, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mwaka 2012 Mozilla ilitangaza kwamba haitaipa Thunderbird nguvu kama zamani. Ingekuwa ni mali ya mtu mmoja ingeishia hapo. Lakini msimbo wake ulikuwa huria, wapo waliojitolea kuushika, watumiaji wakatoa michango, na tangu 2020 ina kampuni yake ndogo chini ya Mozilla inayoishi kwa michango hiyo. Huko ndiko nilikohamia.

Kuhama kwenyewe kulihitaji msaada. Mafurushi yangu yalikuwa maandishi matupu, kwa bahati njema, kwa hiyo hayakufa na programu iliyoyafungua. Kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza kompyuta mtaani kwetu aliketi na mimi alasiri moja akaandika mistari michache ya msimbo wa kukata kila furushi kwenye vistari thelathini, kusoma vichwa, na kuweka kila barua mahali pake. Kabla hajauendesha aliniuliza, “Mama, kuna barua yoyote ndani ambayo yenyewe ina mistari ya namna hii?” Nikamwambia kuna moja. Nikampa tarehe. Msimbo ulipomaliza kazi, tulikuta jumla ya barua zaidi ya elfu sita.

Zaidi ya barua elfu sita, na kila moja na mwenyewe. Baadhi ya wenyewe hao wamekwisha kufariki. Nazifungua mara kwa mara, na jambo ninaloliona kila mara ni kwamba zile nilizozipita haraka miaka ile ndizo ninazozirudia leo. Bibi mmoja wa Lamu aliyeuliza kama kuna anayejua jina la chombo fulani cha kusukia mikeka. Nilidhani ni swali dogo. Kijana wa Lubumbashi aliyeeleza jinsi Kiswahili cha kwao kinavyotaja vitu vya mgodini, sikumjibu. Kama mtu angenifanyia muhtasari wa wiki zile, na angenifanyia kwa uaminifu kabisa, hao wawili wasingekuwamo, kwa sababu wakati ule hata mimi nisingewaweka.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi na zama hizi. Vyombo vyetu vimeanza kutufanyia muhtasari bila kuombwa, na vinaufanya kwa wepesi wa ajabu. Desemba 2024 BBC ililalamika kwamba muhtasari uliotengenezwa na simu za Apple ulitoa kwa jina lake habari ambayo BBC haikuiandika, na Januari 2025 Apple ikausimamisha muhtasari huo wa habari. Kosa la namna ile hushtua watu, likarekebishwa. Mimi naogopa zaidi muhtasari usio na kosa.

Mwaka jana tulipata msiba katika familia. Kundi letu la simu lilijaa: nani anasafiri, nani anachangia kiasi gani, turubai limepatikana, kaburi litachimbwa saa ngapi. Nilikuwa kazini nusu siku, na nilipotazama simu zilikuwapo jumbe themanini na kitu, na simu ikanikirimu mistari mitatu: familia inapanga mazishi ya kesho saa kumi, michango inaendelea, usafiri umepatikana. Yote yalikuwa kweli. Ningeweza kuishia hapo, na nilikaribia kuishia hapo. Nikafungua jumbe zenyewe, moja moja, tangu juu. Katikati, kati ya ujumbe wa turubai na ujumbe wa mchele, shangazi yangu aliyefiwa alikuwa ameandika: “Mimi sijalala tangu juzi.” Chini yake hakuna aliyemjibu. Watu walikuwa wamepita wakiendelea na hesabu. Nilimpigia simu palepale, nikatoka kazini.

Sidai kwamba muhtasari hauna mahali. Karani wa kikao huandika muhtasari, na kikao kinauthibitisha kabla haujawa kitu, tena wenyewe wapo hapohapo wa kusema “sikusema hivyo.” Mwenye furushi naye ana madaraka yake. Peter G. Neumann, mwanasayansi wa kompyuta wa California, alianza tarehe 1 Agosti 1985 kukusanya barua za watu kuhusu hatari ambazo kompyuta huleta kwa umma, akazitoa kwa mafurushi yanayoitwa RISKS, akaendelea kwa miongo. Alichuja, si kila barua iliingia. Lakini iliyoingia iliingia na jina la mwandishi wake juu, kwa maneno ya mwandishi wake, na msomaji aliyetaka kubishana alijua anabishana na nani. Kati ya mhariri huyo na mashine ya simu yangu kuna tofauti ya mtu anayekualika barazani ukakae na waliokuja, na mtu anayekuzuia mlangoni akakwambia walichosema.

Ninachotaka kwa chombo cha kusomea ni hicho tu alichonifanyia tarishi: kinibebee zote, kikate uzi mbele yangu, kisome jina. Kuamua ipi nzito kiniachie mwenyewe, hata kama nitakosea, maana nikikosea leo barua itakuwapo kesho.

Mzee wa Muscat alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mwaka huu mjukuu wake aliniandikia. Alikuwa amesikia kwamba babu yake alikuwa akitunga, na nyumbani kwao hapakubaki karatasi hata moja. Barua pepe zake zilikuwa kwenye huduma ambayo hawana tena njia ya kuingia. Nilimtumia barua za babu yake zote nilizonazo, hamsini na tatu, kila moja na tarehe yake. Lile shairi lililokatika niliunga vipande vyake, nikauacha ule mstari wa vistari thelathini mahali alipoupiga mwenyewe. Beti kumi na mbili, nimezihesabu.

Makundi kama letu yalikuwa mengi, na mengi yao hayakuachiwa kumbukumbu popote. Kama ulikuwamo katika moja, na bado una flopi kwenye droo au kwenye sanduku juu ya kabati, itoe wiki hii. Mafundi wenye vifaa vya kuzisoma bado wapo, lakini wanapungua, na sumaku iliyomo ndani ya flopi haingoji.